Ule mti uliouona Bonaire ni mathenge kweli, ila msitu wao hujauona bado

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Marigat, Baringo, anafanya kazi jikoni kwenye meli ya watalii inayopita Bonaire, kisiwa cha Karibiani karibu na Venezuela. Ameandika hivi: "Meli yetu husimama Bonaire kama masaa nane. Juzi nikapewa ruhusa nikashuka nikatembea nje ya mji. Nilishangaa sana. Mathenge kila mahali, ile ile miti ya miiba ya kwetu, mbuzi na punda wanazurura, na kaktasi ndefu kama nguzo za stima. Mathenge ilifikaje huko? Na kama ni ya kwao, mbona haijawamaliza vile ilitumaliza sisi? Miti yao ya asili ni gani, wanyama wao wako wapi? Pia nimeokota maganda ya ule mti uliolala upande mmoja, wanauita divi-divi, nataka kumpelekea mamangu apande shambani. Inawezekana?"

Dadangu, asante kwa hili swali, nimelisoma mara tatu. Mimi kazi yangu ni misitu ya sehemu kame na hapo Bonaire niliwahi kukaa miezi saba nikihesabu miche, na nakwambia watalii wengi hushuka kwenye hizo meli wakapiga picha ya bahari wakarudi, wewe umeangalia mti ukaujua kwa jina la nyumbani. Acha nikujibu polepole, manake kila kipande cha swali lako kimeshikana na kingine, na hilo la maganda nitaliacha mwisho lakini tafadhali usiyatume kabla hujafika huko.

Tuanze na mathenge. Haikufika huko, huko ndiko kwao. Jina la kitaalamu ambalo utalikuta kila mahali ni Prosopis juliflora (miaka ya karibuni wataalamu wameanza kuiita Neltuma juliflora, usichanganyikiwe, ni mti ule ule), na makazi yake ya asili ni huo ukanda, Mexico, Amerika ya Kati, kaskazini mwa Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibiani. Watu wa Bonaire wanaongea Papiamentu na wao wanauita kuihi, ukivuka Curaçao hapo jirani wanauita indju. Kwa hivo ile siku uliposimama chini yake ulikuwa umesimama nyumbani kwa ule mti ulioletwa kwenu. Kenya uliingia kwa nia njema kabisa, kuanzia miaka ya 1970 kule pwani, alafu mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapandwa Baringo ili watu wapate kuni na upepo usibebe udongo. Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. 2006 wafugaji wa Ilchamus wa hapo Baringo walienda kotini Nairobi na mbuzi asiye na meno, kila gazeti likaandika, wengine wakacheka. Mimi sikucheka. Yale maganda yana sukari nyingi, mbuzi akiyala siku zote meno yanaoza na mbegu zinakwama kwenye fizi, na mbuzi asiye na meno kwa mfugaji ni sawa na shamba lililoungua.

Sasa mbona kwao haijawamaliza? Hapa ndio watu wengi hukosea, wanadhani kuna mti mzuri na mti mbaya. Mti ni ule ule, kilichobadilika ni majirani. Kule kwao kuna wadudu wadogo wa jamii ya hawa fukusi wa maharage, wanatoboa ganda wanataga ndani, mtoto wa mdudu anakula mbegu kabla haijagusa ardhi. Ulipobebwa kuletwa Afrika zilibebwa mbegu safi, hao wadudu wakabaki. (Ndio maana Afrika Kusini na Australia wamewahi kuleta kwa makusudi wadudu wanaokula mbegu za miti ya jamii hii.) La pili, Bonaire haina mto. Kisiwa chote ni kilomita mraba 288 hivi, mvua kwa mwaka kwa kawaida haifiki milimita 500 na nyingi inaanguka Oktoba mpaka Januari, na sehemu kubwa ya ardhi ni mawe ya matumbawe, yale yale ukienda Lamu au Zanzibar unayaona, udongo ni kama vumbi tu limekaa kwenye nyufa. Mathenge pale inaishi, lakini inaishi kwa shida kama wenzake. Sasa ilinganishe na kwenu, udongo wa bonde, maji yapo chini karibu, mto Perkerra unafurika unabeba mbegu unazisambaza mpaka ziwani, mizizi inazama inakunywa bila kushindana na mtu, hakuna mdudu wa kuizuia. Ni kama kumwachia mtu jiko la hoteli usiku kucha na yeye amezoea kupimiwa sahani moja.

Na la tatu, miti mingine ya kule imezoea kuishi nayo kwa miaka maelfu, kila mmoja ana mahali pake, huyu anapenda mwamba, huyu bonde, huyu karibu na chumvi.

Lakini sitaki uende na picha kwamba Bonaire mambo ni shwari, manake si kweli na hapa ndipo ninapotaka ukae nami kidogo. Ulichokiona ukitembea kutoka bandarini, mathenge na vichaka vya miiba na kaktasi, huo si msitu wa Bonaire. Hayo ni mabaki. Ni vile vitu ambavyo mbuzi na punda wameshindwa kuvimaliza katika miaka 500.

Mbuzi na punda waliletwa na Wahispania karne ya 16. Mwaka 1515 waliwabeba wenyeji wa kisiwa, Wakaketio, wakawapeleka utumwani kisiwa cha Hispaniola, na kisiwa kikageuzwa kuwa zizi, ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, wanaachiwa wanajitafutia. Waholanzi wakaja 1636, nao wakakata walichotaka kukata. Kule kaskazini kuna ghuba inaitwa Slagbaai, hilo jina limetoka kwenye neno la Kiholanzi la kuchinja, manake hapo mbuzi walichinjwa wakatiwa chumvi wakasafirishwa kuuzwa Curaçao. Punda nao walifanya kazi mpaka magari yalipokuja, wakaachiliwa porini, na ndio hao umewaona. Inaniuma kidogo kusema hili manake punda asili yake ni kwetu huku, pembe ya Afrika, punda mwitu wa Somalia na Eritrea na Ethiopia wamebaki wachache mno kwao, na huku wajukuu wao wamekuwa mzigo kwenye kisiwa cha watu. Utafiti mmoja uliotolewa 2015 ulikadiria mbuzi wa Bonaire kuwa kama 32,000, na watu wakati huo hawakufika hata 20,000. Fikiria mwenyewe, wewe mtoto wa wafugaji, mbuzi zaidi ya mia kwa kila kilomita mraba na mvua ni hiyo milimita chini ya 500. Mche gani utapona hapo?

Kinachotokea ni hiki. Mbuzi anakula mche laini kwanza, ule usio na miiba wala utomvu mchungu. Mti mkubwa wa zamani unabaki umesimama, ukipita unaona msitu upo, lakini chini yake hakuna watoto. Ni kama kijiji cha wazee peke yao. Mzee mmoja akianguka na upepo hakuna wa kuchukua nafasi yake, anayeichukua ni mathenge, manake mbuzi amekula ganda lake akaja akaangusha mbegu hapo hapo na mbolea yake. Kwa hivo hata nyumbani kwake, mathenge ikipata mbuzi wengi wa kuibebea mbegu na kuiondolea majirani, inaanza tabia zile zile unazozijua wewe.

Haya, miti yenyewe sasa. Sitakutajia yote, nitakutajia ile niliyoipenda na ile unayoweza kuiona.

Wa kwanza ni wayaká. Ukiniuliza mimi huo ndio mfalme wa kile kisiwa, Guaiacum officinale. Mti mfupi, majani ya kijani kibichi hata wakati wa kiangazi kila kitu kikiwa kimekauka, gome lina mabaka kama ramani, na maua ya bluu, bluu kweli, kwenye nchi ya vumbi na miiba unakutana na hiyo bluu unasimama tu. Kwa mbao, huu ni mpingo wao na zaidi, ukiutupa majini unazama. Na hapa nakuunganisha na kazi yako dada, zamani beringi za shafti ya pangaboi kwenye meli kubwa zilichongwa kwa mbao hii, kwa sababu ina utomvu wake wa mafuta ndani unaojilainisha wenyewe hata ikiwa chini ya maji, chuma kilikuwa kinaisha yenyewe inaendelea. Waganga wa Ulaya nao waliutaka kwa karne kadhaa wakiamini unatibu kaswende. Kwa hivo ulikatwa visiwa vyote, na unakua polepole mno, mti wa unene wa paja lako unaweza kuwa umeanza kabla ya bibi yako kuzaliwa. Leo uko kwenye orodha ya kimataifa ya miti ambayo biashara yake inadhibitiwa. Bonaire bado ipo, kwenye vilima vya kaskazini na kwenye nyua za watu wenye akili.

Alafu kuna brasia, Haematoxylum brasiletto. Shina lake halina umbo la shina, limejikunja na mifereji kama kamba zimesokotwa, na ukikata ndani ni nyekundu. Hiyo nyekundu ndiyo ilikuwa rangi ya nguo Ulaya. Waholanzi walikuwa wanabeba magogo ya miti ya rangi kutoka huko, na Amsterdam kulikuwa na gereza lililofunguliwa mwisho wa karne ya 16 ambapo kazi ya wafungwa ilikuwa kuparuza magogo ya namna hiyo kwa tupa mpaka yawe unga. Na huku upande wa kukata, waliokata ni Waafrika waliotekwa, watu waliouzwa kutoka bara letu, hao hao waliochimba chumvi kule kusini mwa kisiwa. Ukipita barabara ya kusini utaona vijumba vidogo vya mawe, vilijengwa 1850, mtu mzima anaingia kwa kuinama, humo ndimo walilala wiki nzima, na wikendi walitembea masaa kurudi kwa familia zao kijijini Rincon. Utumwa ulifutwa huko 1863. Sijui kuzungumza miti ya Bonaire bila kuwataja hao, miti na watu walikatwa na mkono mmoja.

Watapana ndio huo wako wa divi-divi. Umesema umelala upande mmoja, hiyo ni kazi ya upepo. Sisi tumezoea kaskazi ikimaliza zamu inakuja kusi, dhau zinaenda na kurudi. Kule hakuna zamu, upepo unavuma kutoka mashariki mwaka mzima, mchana na usiku, kwa hivo vichipukizi vya upande wa upepo vinakauka na mti unakua kuelekea upande mmoja tu kama mwanamke anayekimbia na kanga yake inapepea nyuma. Ukipotea Bonaire angalia watapana, imeelekeza magharibi. Yale maganda yake yaliyojikunja yana tanini nyingi sana, na zamani yalikusanywa yakapelekwa viwanda vya ngozi Ulaya, kwa watu wengi maskini wa visiwa vile hiyo ilikuwa ndiyo pesa ya mkononi.

Kuna mmoja lazima nikuonye. Karibu na fukwe na mabonde yenye maji kidogo kuna mti wa majani mazuri yanayong'aa na vitunda vya kijani kama tufaha dogo, manzaliña. Usiuguse kabisa. Ni wa ukoo mmoja na mnyaa wetu, ila huo ni mkali mara kumi, utomvu unababua ngozi, ukiingia machoni ni hospitali, na hata mvua ikinyesha usijikinge chini yake manake matone yanashuka na sumu. Waambie na wenzako wa melini.

Ile mingine nitaipitia haraka. Kuna kalbas, wa mabuyu makubwa wanayochonga bakuli na vijiko. Kuna wabi, jamii ya migunga yetu, utaudhania mathenge mpaka uangalie maua, ya wabi ni vipira vya njano na ya mathenge ni kama mkia. Kuna mnazi fulani, kwa kweli si mnazi wenyewe ila ni wa jamii yake, wenye majani kama feni, Sabal lougheediana, uko Bonaire peke yake duniani na ulipewa jina la kitaalamu 2019 tu, na miti mikubwa iliyobaki ni makumi machache. Jiulize, mti wa namna hiyo umesimama hapo siku zote, na watoto wake wanaliwa kila mwaka.

Na utachekea hili, kuna vitu vyetu huko. Mkwaju, wanauita tamarein, umetoka Afrika, na wanaupenda mno, juisi kila nyumba. Mwarobaini umepelekwa na sasa unaanza kujiotea wenyewe porini. Lakini kibaya kuliko vyote ni mmea mmoja wa kutambaa wa maua ya zambarau hafifu, umetoka Madagascar, ulipelekwa kama pambo la bustani, sasa unapanda juu ya miti unaifunika inakosa jua inakufa. Huo kwao ndio mathenge yao. Sisi tumechukua yao wakachukua ya huku, na wote tunalia.

Sasa kaktasi. Hizo nguzo za stima ulizoziona ziko aina tatu. Kadushi ndiyo kubwa, ina matawi mengi kama kinara. Yatu ni nyembamba zaidi, hiyo ndiyo wanapanda mstari mmoja ikawa ua wa nyumba, hata mbuzi hapiti. Na ya tatu ina nywele nyeupe kwenye miiba wanaiita kadushi di pushi, yaani ya paka. Wanapika supu ya kadushi, inavutika kama bamia au mrenda, mimi nimekulia mrenda sikusumbuka, wenzangu Wazungu walikuwa wanaiangalia tu.

Lakini kaktasi si chakula cha watu tu. Ule msimu wa kiangazi miti yote imepukutisha majani, hakuna tunda, hakuna maji, kaktasi ndio zinachanua na kuzaa. Maua yake yanafunguka usiku, usiku mmoja tu, asubuhi yamekwisha. Nani anakuja usiku? Popo. Kuna popo wawili hasa, wadogo, wana ulimi mrefu wa kuingia ndani ya ua, na utafiti uliofanywa Curaçao miaka ya 1990 ulionyesha hizi kaktasi kubwa haziwezi kupata matunda bila hao popo. Kadushi na yatu hazichanui wakati mmoja, ikimaliza hii inaanza ile, kwa hivo popo anapata chakula muda mrefu, na chakula kikiisha kisiwa kimoja anavuka bahari usiku kwenda kingine. Alafu tunda likiiva, jekundu, anakula kila mtu. Kasuku, iguana, ndege mmoja wa rangi ya machungwa na nyeusi anaitwa trupial anayeimba mpaka unasahau jua, na popo wenyewe wanarudi kula na kumwaga mbegu. Mimi nilikuwa natoka saa kumi usiku na tochi yenye plastiki nyekundu nasimama karibu na kadushi, nasikia tu mabawa, fyu, fyu, mbele ya uso. Watu kwetu wanamwogopa popo, wanampiga mawe. Bonaire bila popo hakuna kaktasi, bila kaktasi hakuna kiangazi ambacho kiumbe kitavuka.

Uliuliza wanyama wako wapi. Hutaona swala wala digidigi, kisiwa kile hakikuwahi kushikana na bara, wanyama wa asili wanaonyonyesha wa nchi kavu ni popo tu. Aliyebaki ana mabawa au magamba. Iguana ni kama kenge wetu kwa ukubwa lakini anakula majani, na wenyeji wanamla, mchuzi wake wanausifia sana. Kuna mjusi wa bluu anaitwa kododo, dume lina kichwa cha bluu na madoa, hayupo popote duniani ila Bonaire, na atakuja kwenye mkate wako bila aibu. Kuna vile vindege vidogo vinavyosimama hewani mbele ya ua, wanaviita blenchi, vinafanya kazi ambayo kwetu inafanywa na chozi. Kuna warawara, mkubwa kama mwewe, anatembea chini kama jogoo.

Na kuna heroe. Hapa wewe ni mtu wa Bogoria usinicheke, lakini wa kule si wale wa kwenu. Wa Bogoria wengi ni wale wadogo wa pinki hafifu wanaokula mwani, wa Bonaire ni wakubwa na rangi yao imekolea kabisa, karibu na nyekundu, wanaitwa chogogo. Wanakula vijidudu vya maji ya chumvi, na wanataga kule kusini, Pekelmeer, katikati ya mabwawa ya kiwanda cha chumvi, sehemu ya hekta 55 ambayo hakuna anayeruhusiwa kuingia. Heroe akishtuliwa wakati wa kutaga anaacha yai, ni hilo hilo moja, basi mwaka umekwenda. Ukitaka kuwaona angalia kwa mbali barabarani, au nenda ziwa la Gotomeer kaskazini.

Ndege ninayemfikiria mpaka leo ni lora, kasuku wa kijani mwenye kichwa na mabega ya njano. Amebaki Bonaire na sehemu chache za Venezuela. Aruba, kisiwa kingine cha jirani, walimmaliza katikati ya karne ya 20, na 2024 tu ndio wameanza kumrudisha. Anataga kwenye mashimo ya majabali na ya miti mizee, na watu walikuwa wanapanda wanatoa makinda wanayauza yafugwe nyumbani, hadithi ile ile ya kasuku wa kijivu wa Kongo. 2002 serikali ikasajili na kuwavalisha pete wote waliokuwa wanafugwa, atakayeonekana bila pete ni wa wizi. Kila mwaka watu wa kujitolea, wanafunzi, wazee, wanaamka kiza wanasimama kila mahali kasuku wanapolala, wanahesabu wakiruka alfajiri. Lakini kuzuia wezi peke yake hakutoshi. Kiangazi kikizidi na msituni hakuna tunda, wanashuka mjini kwenye maembe ya watu, wanagombana na wenye mashamba, wanagongwa na magari. Kasuku anakuja mjini kwa sababu mti ambao ungemlisha haukupata mtoto, na haukupata mtoto kwa sababu ya mbuzi. Unaona tunarudi pale pale.

Sasa habari njema, na ipo. Kazi niliyokuwa nafanya kule ilikuwa rahisi mno kuieleza, unazungusha senyenge sehemu ya msitu, unatoa mbuzi na punda, unasubiri. Kuna shirika linaitwa Echo, wako Dos Pos, kazi yao ni lora, na wao walielewa mapema kwamba huwezi kuokoa kasuku ukaacha msitu, wana vitalu, wanaotesha miti ya asili wanaipanda ndani ya senyenge. Nje ya uzio mimi nilikuwa nahesabu miche naondoka na karatasi tupu. Ndani, baada ya mvua za Novemba, nilikuwa napiga magoti kwa sababu ni midogo na ni mingi, na kati yake kulikuwa na majani ambayo mzee mmoja wa Rincon aliyekuwa ananisaidia aliyashika akakaa kimya, akasema huu alikuwa anauona akiwa mtoto. Sikupata neno la kumjibu.

Na kama utapata tena hayo masaa nane, fanya hivi. Mbele ya bandari kuna kisiwa kidogo, Klein Bonaire, hakifiki hata kilomita moja kutoka pwani, mashua zinavusha watu. Kilikuwa mali ya watu binafsi, kilikatwa miti, kililishwa mbuzi mpaka kikabaki upara. Mbuzi waliondolewa miaka ya 1980, na 1999 kisiwa kikanunuliwa kihifadhiwe, hoteli zisijengwe. Hakuna anayeishi pale. Kasa wanapanda kutaga. Usibaki ufukweni na wenzako, ingia ndani kidogo kwa njia, uangalie chini, utaona miche. Midogo, ya kawaida, haina mtu wa kuipiga picha. Ukitoka hapo ukipata gari, kaskazini kuna hifadhi ya Washington Slagbaai, ilianza 1969, imechukua karibu moja ya tano ya kisiwa, ila kwa masaa yako sidhani utaweza, barabara ni mawe.

Bas, sasa hayo maganda.

Dadangu, usiyapeleke. Najua unachowaza, unawaza Marigat kuna upepo na jua na mamangu anataka kivuli, na huu mti umevumilia yote hayo. Lakini rudi usome hapo juu, ndivyo hasa walivyowaza walioleta mathenge, na walikuwa watu wazuri. Watapana ni jamii moja ya kunde na mathenge, imezoea ukame, na hakuna anayeweza kukuahidi itafanya nini ikifika Perkerra bila wadudu wake na bila upepo wake. Tena ukikamatwa na mbegu bila kibali uwanja wa ndege ni kesi. Mamako akitaka kivuli apande mgunga, ule wa kwenu wa kichwa kama mwavuli, maganda yake mbuzi wanakula na meno yanabaki. Apande mkwaju. Na mti wa mswaki kama umebaki ng'ambo ya shamba asiukate, auzungushie miba mbuzi wasifike kwa miaka mitatu hivi, mwambie nimesema mitatu, aangalie chini yake kutaota nini.

Na hayo uliyo nayo kwenye mkoba, safari ijayo mkifika bandarini Kralendijk yarudishe pale pale chini ya mti ulipoyaokota.